Kiganja cha Mize

Shaame alipoondoka Wete alinikabidhi ufunguo,
birika, feni isiyozunguka,
na programu ya mizani ya karafuu.
Maelezo hakuacha hata mstari.

Darasa lake la Mkulima ni mistari kumi na minne.
Nalifungua: hamna jina, hamna shamba, hamna uzito.
Chumba kitupu, kimefagiwa.
Lakini ukipiga hodi, *uzito_mkavu*,
sauti inaitika kutoka ndani, na inajua gramu.
*Makonyo*, naam. *Daraja*, naam.
Nani anaitika? Kihariri changu hakimwoni,
kila jina kinalipigia mstari mwekundu
kama mwalimu wa chuo aliyekosa usingizi.

Jumanne niliandika *uzito_mkau*.
V moja tu iliyodondoka.
Hakuna aliyelalamika: nyumba ilinyamaza,
ukimya ukahesabiwa sifuri,
na Faki Kombo wa Kiuyu, magunia matatu,
akapewa risiti ya shilingi sifuri.
Akaigeuza, akatazama nyuma yake.
"Kama hazina uzito," akaniambia,
"basi nibebee mpaka kwenye gari la ng'ombe."

Tangu siku ile naandika.
Juu ya darasa, katika maelezo
ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma,
naweka kila sifa, aina yake, kazi yake:
*uzito_mkavu*, namba yenye nukta, kilo, baada ya kuanikwa;
*makonyo*, namba, hutolewa;
*daraja*, maneno, husomwa tu, usiijaze,
huenda ikawa tupu.
Hilo la utupu naliandika kwa mkazo.

Thelathini na moja nimezifuata huko zinakoitwa.
Moja haiitwi popote: *mize*.
Kila mauzo, gramu arobaini, gramu sitini.
Haimo kwenye ripoti.

Nikampigia Shaame, yuko Mkoani, anauza mafriji.
Alicheka kwanza.
"Mize shangazi yangu. Alipima kwa mkono
kabla ya hiyo mizani yenu ya taa nyekundu.
Mwisho wa pishi akimwongezea mwenye mali kiganja,
asije akadaiwa Akhera.
Mashine inakata gramu za mwisho, Kazija.
Nikaziweka pahala. Zilikuwa zirudishwe kila msimu."
"Ulimwambia nani?"
Kimya. Nyuma yake friji likaanza kunguruma.

Misimu mitatu.

*mize*, namba, gramu.
Haki ya mkulima iliyokatwa na mizani.
Haiwi tupu. Iite.

Nikahifadhi. Mstari mwekundu ukafutika.
Kisha nikapiga hodi kwa Faki Kombo, nikaita lile jina:
kilo moja, gramu mia mbili na kumi.
Nikatoka kuuliza gari la Kiuyu.