Miguu Minane

Kila usiku hunyanyua pazia la chumba cha wasichana,
humulika chini, si usoni, wasije wakaamka,
nikahesabu miguu.
Ya Hadia ina kovu la mafuta ya korosho kisiginoni.
Ya Somoe haitulii hata ndotoni.
Ya Mwanjaa imejikunja.
Sita. Ndipo hutia komeo.

Wananicheka sokoni Newala, najua.
Baba gani huyu anasindikiza mabinti bombani
na jembe begani kama anakwenda kuzika?
Wanangu hawajaliona Shimo la Mungu
ila kwenye kalenda ya chama cha ushirika.
Nimewaambia: ukingo ule hauna mlango,
na kitu kisicho na mlango mimi sikiamini.

Kisha, wiki ile mnada wa pili ulipokwama,
lori la magunia likasimama nje ya uzio.
Akashuka binti, na ndoo, na godoro
lililofungwa kwa kamba ya katani.
Miaka kumi na minne.
Macho ya mke wangu
kwenye uso wa mtu nisiyemjua.
"Bibi yake kazikwa Jumanne," dereva akasema,
kama ananisomea uzito wa mzigo.

Nilijua yupo. Nani asiyejua?
Alizaliwa Mahuta kabla mimi sijaijua njia ya Mahuta,
na humu ndani jina lake lilikuwa
ule unga uliopelekwa kila mwezi bila maelezo.
Anaitwa Sikudhani.
Na mimi, wallahi, sikudhani.

Usiku ule nilihesabu: minane.
Nikarudia, nikianzia upande wa ukutani.
Miwili ilikuwa na magaga,
imeachwa nje ya shuka, tayari kuondoka.

Nikafanya ninachokijua: sheria.
Asichote maji na wanangu. Asiwasuke.
Asiwape habari za huko.
Ndoo yake nikaitenga, kana kwamba kiu inaambukiza.
Mke wangu hakubisha. Alisonga ugali wa muhogo,
akagonga mwiko ukingoni mwa sufuria mara moja tu,
na mimi, mwaka wa kumi na tatu huu wa ndoa,
naujua mgongo ule.

Siku ya tisa akauliza, hata hakuinua uso:
"Wewe hapa ulikuja na nini?"

Nilikuja na jembe na shati moja.
Ardhi hii ni ya mama zake. Mikorosho ni ya mama zake.
Mjomba wake, mzee Namangaya,
alinilaza ghalani na panya msimu mzima,
kila jioni akikagua mashimo niliyochimba.
Siku aliponisogezea kiti, sikukikalia.
Nilidhani ni mtihani mwingine.

Sikumjibu. Nilitoka kwenda kufuatilia malipo,
foleni ikanishika, usiku ukaniangukia njiani,
ukungu umejaa, sioni hata mikono yangu,
na kichwani miguu, miguu, miguu,
na komeo ambalo hakuna wa kulitia.

Nilipofika, lilikuwa limetiwa.
Nikagonga. Akafungua yeye, kiberiti mkononi,
njiti imemla hadi kidoleni.
Pazia lilikuwa limenyanyuliwa.
"Wapo wote, baba," akanong'ona. "Nimehesabu. Sita."

Sita.

"Rudia," nikamwambia.
Akageuka, akahesabu kwa midomo, akarudi: "Sita."
"Hujui hesabu. Huko Mahuta hamsomi?"
Akanitazama. Kisha akatazama chini, polepole,
magaga yake mwenyewe juu ya sakafu,
kama vitu vya mtu
vilivyosahaulika kwenye lori.

Sikusema zaidi. Mimi si mtu wa kusema.
Nilikula ming'oko iliyopoa, nikamwachia mmoja,
ule mnene, akala amesimama.

Leo asubuhi wenzake wa shule walimpitia:
wanakwenda Shimo la Mungu, kutazama bonde.
Nimemkataza.
Nimemkataza kabisa, nikasimama langoni na jembe.
Amenuna. Amevuta mdomo hadi jikoni,
kasukuma mlango, ndoo ikaanguka.

Amenuna kama Hadia.
Amenuna kama mwenye haki.