Karani wa Chumba Namba Nne

Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu.
Hapa Kutaisi, ghorofa ya chini, dirisha halifunguki,
mto Rioni husikika tu theluji ikiyeyuka.

Enzi za Nugzar niliandika mbio.
Mtu akipigwa husema upesi, tena husema vingi,
vidole vyangu vikafuata:
nukta, mkato, yowe.
Yowe halina herufi kwenye mashine; nikaliruka.
Mmoja alitaja wenzake saba.
Askari wakazunguka mji na orodha yangu,
wakifunguliwa milango na wajane.
Wote saba walikuwa makaburini tangu vita.
Alikuwa mchonga mawe, maskini. Majina aliyokuwa nayo
ni yale aliyoyachonga.

Nugzar akasema: mwongo mkubwa. Akampiga tena.

Kisha akaja Tsiala, mnene, mafua hayamwishi,
akaomba viti viwili vinavyolingana urefu
na birika la chai.
Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Malkhaz aliletwa Jumatatu. Bunduki arobaini
zilikuwa zimefichwa mahali.
Karatasi ya Jumatano ninayo bado:
"Mguu unauma?" "Unauma."
"Upande huu?" "Huo. Baridi ikizidi."
Ukurasa mzima wa mguu!
Kuuliza si ujinga, wanasema; sikujua kuwa ni kazi.
Akiuliza, alingoja,
na kungoja kwake hakukuwa mtego,
au kama ulikuwa mtego, mlango wake ulikuwa wazi.
Alhamisi alimnasa kwenye uongo mdogo wa saa ya basi.
Hakupiga meza. Alimwomba aanze upya,
polepole, tangu alipofunga kamba za viatu.

Ijumaa, saa tano, Malkhaz akataja ghala la chai.
Bunduki thelathini na nane. Mbili hatujaziona hadi leo.

Nilimuuliza kwenye ngazi: Na kama asingesema?
Akapenga kamasi.
"Ningemrudisha seli. Kesho, chai tena."
Na kama watu wangekufa?
Akanyamaza kuliko alivyopata kumngojea mfungwa yeyote.
"Ningekwenda mazishini," akasema,
akashuka, ameshika ukingo.

Siku hizi namtafuta yule mchonga mawe.
Jina lake sikuliandika popote.
Fomu ya Nugzar haikuwa na nafasi yake,
ilikuwa na nafasi ya wale saba.