Sufuri-Nne-Saba

Kazi yangu ni nepi.
Kadi ya shingoni yasema utafiti,
ila saa nane usiku, mwezi wa Julai,
baridi ya Nairobi ikiwa imeng'ang'ania vioo,
mimi ni mtu wa kufungua nepi ndogo kuliko kiganja
na kuchota, kwa kijiko cha plastiki,
kitu cheusi kama lami ya Barabara ya Jogoo.
Natia kwenye kichupa. Naandika saa. Naandika namba.
Jina haliandikwi; hilo ni sharti la kamati ya maadili.

Sufuri-nne-saba alizaliwa wiki ya ishirini na nane,
gramu mia tisa na sitini,
hajafika hata pakiti ya sukari.
Mapafu yalikuwa yameshikana
kama mfuko wa nailoni uliolowa,
kila pumzi ni kuubandua upya.
Mpira puani, ncha ya pili ndani ya chupa ya maji,
na maji yakitokota bila moto usiku kucha.
Ukisikia yamenyamaza, unakimbia.

Mama yake, Nyaboke, huuza mitumba ya watoto Gikomba.
"Marobota yote niliyofungua," alisema,
"sijaona nguo ya mtu wa kadiri hii."
Nilimsomea fomu ya ridhaa, kurasa sita.
Ukurasa wa tatu akaniinulia mkono:
"Niambie kwa Kiswahili cha nyumbani.
Mnatafuta nini humo kinyesini?"

Nikamwambia kuna ugonjwa unaokula utumbo wa njiti.
Leo ananyonya, kesho tumbo limevimba, linang'aa,
kesho kutwa daktari wa upasuaji hana cha kushona.
Tunashuku vijidudu vya tumboni hugombana kwanza,
chini kwa chini, siku mbili tatu kabla.
Tunataka kuusikia ugomvi
mlango ukiwa haujavunjwa.
Akacheka kidogo. "Kama majirani."
Kama majirani, nikasema.
Akatia sahihi.

Siku ya tisa mapafu yalianza kutii.
Siku ya kumi na moja kinyesi kilikuja na uzi mwekundu,
mwembamba, ungedhani umechomoka kwenye blanketi.
Niliandika saa: kumi kasorobo. Niliandika namba.
Nikaenda kumwamsha Daktari Lokiru,
kumbe yu macho, amesimama mbele ya picha ya eksirei
akihesabu viputo vya hewa
mahali ambapo hewa haina ruhusa.

Siku ya kumi na mbili sitaisimulia.
Fomu ina kisanduku chake.
Kalamu yangu ilikataa kuandika, nikaazima nyingine.

Oktoba, Nyaboke alirudi.
Mlinzi alidhani amekuja kulipa deni.
"Zile zake," aliniuliza, "bado mnazo?"
Sikujua sheria inasemaje. Nikampa glavu.

Friji letu liko nyuzi themanini chini ya sufuri;
umeme ukipotea, jenereta huamka kabla ya walinzi.
Ukungu mweupe ulimwagika hadi kwenye viatu vyake.
Rafu ya pili, kisanduku cha manjano,
vichupa kumi na kimoja,
kila kimoja kama kifuniko cha kalamu.
Akazisoma namba kwa sauti, moja moja,
kama mwalimu anayeita rejista
ya darasa lenye mtoto mmoja.

Nikamwambia ana haki ya kujitoa,
ipo ukurasa wa tano,
akitaka tutaviteketeza leo hii.
Alinyamaza mpaka kengele ya friji ikaanza kulia,
mlango umekaa wazi mno.
"Funga," akasema. "Unamharibia baridi yake.
Mwacheni afanye kazi."

Usiku ule nilifungua nepi ya sufuri-tisa-mbili.
Rangi ya ndizi mbivu.
Nilikiangalia mara mbili, nikakisogeza karibu na taa,
nikakiangalia tena.
Kisha nikaandika saa.