Chupa Namba Kumi na Nne

Punje ya nyama, ndogo kuliko chembe ya uwele,
ilitoka chini ya ukope wa kulia wa Damari Msanjila
siku daktari alipozigeuza kope zake zitazame nje.
Miaka tisa zilikuwa zikikwangua mboni.
Miaka tisa alitembea na kibano cha bati kwenye pindo la kanga,
akizing'oa kwa kupapasa,
maana kioo hakimfai asiyekiona kioo.

Kabla ya kutia dole gumba kwenye karatasi
aliuliza moja tu: "Mtazilisha nini?"
Nikamwambia: maji ya chumvi na sukari, mekundu kama juisi ya choya,
na majimaji ya damu ya ndama.
Akacheka mpaka bandeji ikasogea.
"Basi ni Wagogo hao. Wasikose ng'ombe."

Nilizitoa Kongwa kwenye kasha la barafu, mapajani.
Dodoma, chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gundi,
kwa kuwa upepo wa Septemba hapa haubishi hodi.
Nyuzi thelathini na saba, joto la kwapa.
Siku ya sita hadubini ikanionyesha:
nyembamba, ndefu, zimelala upande mmoja
kama mtama uliopitiwa na kundi.

Jumapili usiku umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa, likagoma.
Nikavua koti nikalifunika sanduku la joto,
nikajiona mjinga,
nikaliacha hapohapo.

Kisha lile jambo ambalo mpaka leo sijui kulisimulia.
Tuliziweka ndani ya jeli laini, duara, upana wa shilingi.
Za mtu asiye na kovu zilitulia.
Za Damari zikaanza kuvuta.
Asubuhi jeli imejikunja pembeni
kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani.
Na humo hamna vumbi.
Hamna nzi.
Kijidudu cha vikope tulikitafuta mara tatu, hakipo.
Adui ameshaondoka nyumbani
nazo bado zinafunga milango.
Nani anaziamuru? Zimekariri kwa nani?

Kwenye pipa la nitrojeni tunazo nyingine, za kuagiza,
zisizojua kufa.
Hizo ni rahisi, hukujibu lolote unalotaka.
Za Damari zilikuwa na umri, zilikuwa na hasira,
zilikuwa na miaka tisa ya moshi wa jikoni
na ndoo moja ya maji kwa watu saba.
Dawa ya kumi na mbili tuliyozijaribia
ilizichelewesha kuvuta, siku mbili na nusu.
Siku mbili na nusu! Lungwa alipiga meza, pipeti zikaruka.
Mimi nikaandika tarehe kwa mkono unaotetemeka,
kisha nikarudia hesabu, nikiogopa furaha.

Mgawo wa tisa zikanenepa.
Wa kumi zikatandaa, bapa, zimechoka,
haziongezeki, hazifi, zimekaa tu.
Daftari linataka neno moja. Nikaandika: *zimekoma.*
Nikamimina jiki. Ule wekundu ukafifia ukawa maji.

Niliporudi Kongwa alikuwa anachambua mlenda,
anaona uchafu wenyewe, anautupa mwenyewe.
"Mbukwa," nikasema.
Hakuitikia salamu. "Wale wangu hawajambo?"
Nikameza mate. Nikasema wamefika mwisho wao,
kwamba dawa haijawa dawa,
kwamba pengine mjukuu, pengine mtoto wa mjukuu.
Akanyamaza. Akatupa kijiti.
"Siku ya mwisho walikula?"
Walikula.
"Haya."

Kisha akaushika ukope wa kushoto kwa vidole viwili,
akaufunua kama mdomo wa kiroba,
nami nikaona makovu meupe, mistari kwa mistari,
na kope tatu zimeanza kuinama.
"Huku bado hamjachukua," akasema.

Upepo ukaja na uwanja mzima.
Nikafumba macho, mimi mtaalamu,
nikayafikicha kwa mkono ambao sikuwa nimeunawa.