Kukoroga si Kuvuruga

Zlín, Februari. Theluji imeziba dirisha la karakana.
Drahoslava, glavu hadi viwikoni,
anasubiri kopo la chuma lifike nyuzi mia mbili.
Plastiki nyeupe inalainika polepole,
kama mbishi anayeanza kuelewa.
Pembeni ipo nyeusi: plastiki ile ile, iliyolishwa masizi.

Fimbo mbili tu. Hakuna panga, hakuna kinu.
Ya kushoto inazunguka, inatulia.
Ya kulia inazunguka, inatulia.
Moja inauvuta utepe mweusi, inaukunja,
inaiachia ya pili iukunje tena.
Tabaka mbili zazaa nne, nne zazaa nane,
na ukifika mkunjo wa ishirini, acha kuhesabu.

Mama yake alivuta hivyo unga wa andazi la matofaa,
migongo ya vidole chini, meza nzima,
mpaka barua iliyowekwa chini yake isomeke.
Siku moja ilisomeka barua ya deni.
Wakala kimya.

"Tuongeze masizi?" auliza Bohdan, mwanagenzi.
Hapana. Masizi yaliyomwagwa ovyo ni umati sokoni,
kila chembe na lake, umeme hauna pa kukanyaga.
Yanyooshe yawe utando, chembe ishike chembe,
chache zitatosha.

Kipande cha mkunjo wa tisa: waya huku, waya kule, taa giza.
Cha kumi na tatu: giza.
Cha kumi na saba:
taa ikafumbua jicho, jekundu, dogo,
na Bohdan akapiga makofi kama yuko uwanjani.
"Kumi zaidi, ing'ae kabisa!"

Angeweza kumzuia. Hakumzuia.

Ishirini na saba. Utando ulikonda kupita uvumilivu,
ukachanika, ukajikusanya matone,
kila tone kisiwani mwake.
Kijivu safi, sawasawa kila pembe,
kipande kizuri kuliko vyote vya usiku ule.
Taa haikujibu.

"Imechanganyika mno," akasema Drahoslava,
"hakuna tena anayemgusa mwenzake."

Akafungua daftari, akaandika: kumi na saba.
Kisha akaifuta ile saba, akaacha pengo,
maana magunia ya kesho yanatoka kiwanda kingine,
na plastiki, kama watu,
haikunjiki kwa hesabu ya jana.