Ripoti Isiyoombwa

Mama, mzaliwa wa Wete aliyezeekea Sibu,
hakuchoka kusema: ajali haina kinga.
Mimi nalipwa mshahara wa kumbishia.

Ofisi iko ghorofa ya pili, karibu na uwanja.
Ndege ikipita naitambua kwa injini,
na hicho ndicho kilichobaki cha miaka ishirini na miwili,
hicho, na kofia juu ya kabati,
na sikio la kushoto alilolikataa daktari.

Kisanduku wanachokiita cheusi
kina rangi ya papai bivu.
Ndani yake watu wanaagiza kahawa,
wanalalamikia kodi ya nyumba huko Maskati,
halafu mmoja anasema, "Kapteni..."
na hamalizi.

Kimya kingi kina mshindo, sawa.
Mimi nakipima: sekunde nne na nukta tatu.
Naandika: rubani msaidizi hakuendelea.
Siandiki: aliogopa.
Chombo hakinasi hofu.

Jana usiku, wafagizi wameshaondoka,
nikafungua ukurasa mtupu.
Salala, mwezi wa saba, miaka kumi na moja nyuma.
Manyunyu. Ukungu umeikalia minazi.
Thuwaiba yuko kiti cha kulia, mwezi wake wa tatu kazini.
Akasema, "Kapteni, mwendo."
Nikajibu, "Naona."

Sikuwa nimeona.

Matairi yalilia. Breki zilishika
zimebaki mita mia na themanini za lami.
Abiria wakapiga makofi!
Mtoto mmoja akaletwa mbele, nikamwacha aguse usukani,
mkono wangu nimeuficha mfukoni
usije ukamsimulia.
Hakuna aliyeuliza. Salama haifunguliwi faili.

Thuwaiba hakunitazama hadi hotelini.
Siku hizi naye ni kapteni, yuko Doha,
na nasikia kabla ya kila safari humwambia msaidizi wake:
"Nikikosea, utaniambiaje?
Sema sasa, niizoee sauti yako."

Basi nimeijaza. Tarehe, upepo, mwendo, mita.
Penye neno "Sababu" niliandika jina langu,
nikalifuta;
kazini kwetu jina la mtu si sababu.
Nikaandika upya:
Aliambiwa. Hakusikia.
Masikio yote mawili, wakati huo, yalikuwa mazima.