Toleo Jipya

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi,
na umeme wetu ukisikia ngurumo
hukimbia kama mwenye deni.
Mara tatu masomo ya ukunga ya Subilaga
yalifika asilimia tisini na saba
yakafia mlangoni.
Nikamrudishia mia tano yake,
macho kwenye kalenda.

Jana nimesasisha kipakuzi.
Sasa kinakata faili vichane vichane, kama mkungu,
kila kichane na mbebaji wake.
Kinangoja saa sita usiku, bando la bei nafuu.
Kina adabu pia: nimekiwekea kikomo cha kasi
kisimnyime Ambokile anayetuma maombi ya chuo.

Saa nane radi ikapiga kule mlimani Rungwe.
Giza.
Nikalala juu ya maboksi ya karatasi, miguu nimekunja.

Alfajiri kompyuta iliamka kabla yangu,
ikaokota kazi palepale ilipoangukia.
Haikuanza upya.
Wala haikulalamika.

Subilaga kaja, flashi shingoni, koti linachuruzika.
“Imegoma tena?”
Nikamwonyesha kwa kidevu.

Akaacha elfu mbili, chenji hakungoja:
wodini, alisema akishuka ngazi,
kuna mama yuko tisini na saba.